Mboga za kiangazi: kunde kavu, karanga na dagaa

Dada yangu, umeuliza upike nini hapo Dodoma mwezi huu wa Oktoba, wakati fungu la mchicha limekuwa dogo na ghali, nawe umebaki na kunde kavu, karanga, dagaa na unga. Hivyo vinatosha kabisa. Loweka kunde usiku kucha, mwaga maji hayo, kisha uzichemshe katika maji mapya hadi zibonyee kirahisi kati ya vidole viwili, ndipo utie chumvi. Karanga zitwange ziwe laini, uzikoroge kwanza kwa maji ya vuguvugu ili zisifanye madonge, halafu uzimimine chunguni na kuendelea kukoroga kwa moto mdogo, kwa sababu hushika chini upesi, mpaka uone mafuta yakielea juu.

Dagaa watoe vichwa, waoshe mchanga, uwakaange pembeni. Mimi huwaongeza mwishoni wasivurugike. Ukichoka kunde, mlenda mkavu wa Wagogo hupikwa vizuri kwa karanga hizohizo. Nakusihi tu usisahau ubuyu, ambao una vitamini C, kwa kuwa majani ya mboga yakianikwa juani huipoteza sehemu kubwa: koroga unga wa ubuyu kwenye uji wa watoto ukishauipua na kupoa kidogo.