Ganzi ya vidole kumbe inatoka shingoni

Mimi ni fundi cherehani hapa Majengo, Dodoma, kazi yangu ni kuinama kutwa nzima, na Januari ndo usiseme maana sare za shule zinakuja kwa mafungu na kila mzazi anataka ya kwake leo. Ndo kipindi hicho kidole gumba na cha shahada cha mkono wa kulia vikaanza kufa ganzi, nahisi kama sisimizi wanatembea ndani ya ngozi, nikasema huu ni mkasi tu utaniachia. Haikuniachia. Ikawa usiku maumivu yanaanzia shingoni yanapita begani yanashuka mkononi kama shoti ya umeme, silali.

Watu wakaniambia ni upepo wa Dodoma, wengine wakasema nimetupiwa kitu. Mi nikaenda kwa kinyozi mmoja anayefanya masaji, akanikamata kichwa akakizungusha ghafla, ikalia ka! na kesho yake mkono haunyanyuki. Ndugu zangu nawaomba sana, kama una ganzi au maumivu yanayoshuka mkononi usikubali mtu akuvunje shingo. Hajui ndani kuna nini.

Hospitali daktari swali lake la kwanza likawa ni vidole gani. Nilishangaa lakini ndo penyewe hapo. Shingo ina pingili 7 na jozi 8 za mishipa ya fahamu zinazotokea hapo, mshipa wa sita ukibanwa mara nyingi ganzi inaenda gumba, wa saba kidole cha kati, wa nane kidole kidogo. Ila kuna mishipa inayobanwa kwenye kiwiko au kifundo cha mkono pia, kwa hiyo usijipime mwenyewe ukamaliza. Akaniinamisha kichwa nyuma kidogo kwa upande unaouma, ganzi ikaja hapohapo. Nikamwambia nikiweka mkono juu ya kichwa napata nafuu, akasema hiyo nayo ni dalili ya shingo.

Sikupasuliwa. Nilipewa dawa za maumivu na mtu wa mazoezi ya viungo, akaniambia wengi wanapona ndani ya wiki 6 mpaka 12, na mimi ya tisa ndo nikaanza kulala usiku mzima. Kilichonisaidia zaidi ni kupandisha cherehani kwa matofali ili nisiiname sana, kusimama kila nusu saa hata kama mteja ananuna, kulalia mto mmoja badala ya miwili, na simu nainyanyua ije usoni. Na ndoo ya maji kichwani niliacha kabisa, maji yakikatika nakodi toroli.

Sasa hapa nisikilizeni vizuri. Mkono ukianza kuishiwa nguvu, unaangusha vikombe, vifungo havifungiki, miguu inayumba ukitembea au mkojo haushikiki, nenda hospitali siku hiyohiyo. Ganzi ikija ghafla upande mmoja na mdomo umepinda au maneno hayatoki, hiyo inaweza kuwa kiharusi, usingoje hata dakika. Na kama ni nyayo zote mbili zinawaka moto, kapime sukari kwanza, mama mkubwa wangu kule Kondoa alipaka dawa za kuchua miaka miwili kumbe ni kisukari, akaja kugundulika tayari ana kidonda mguuni ambacho hakuwahi kukisikia.