Lishe baada ya kupandikizwa seli shina: usianze na orodha ya makatazo

Pole kwa kuuguza. Umeeleza kwamba mdogo wako ametoka hospitali baada ya kupandikizwa seli shina za mfadhili, yaani seli changa zinazotengeneza damu zilizotolewa na mtu mwingine, kwamba uzito wake unazidi kupungua, na kwamba kila jamaa anayekuja kumjulia hali anaongeza chakula kimoja kwenye orodha ya vilivyokatazwa. Nilimuuguza mke wangu baada ya upandikizaji wa aina hiyohiyo, na jambo ambalo ningependa ulishike kabla ya mengine yote ni kwamba, kwa mgonjwa aliye katika hatua hii, kula kidogo mno kunastahili kuogopwa sawasawa na kula kitu kichafu.

Kutokula kwake si ukaidi. Dawa za kemotherapia anazopewa mgonjwa kabla ya kuingiziwa seli, na wakati mwingine mionzi, hujeruhi pia utando wa kinywa, koo na utumbo. Vidonda huanza kupona chembe nyeupe za damu zinaporudi, mara nyingi wiki mbili hadi nne baada ya upandikizaji, lakini mate na ladha huchelewa kurejea kwa miezi. Mke wangu alisema nyama ina ladha ya chuma, na harufu ya chakula cha moto ilimtapisha kabla hajakionja.

Mtaalamu wa lishe aliyetusaidia hakuuliza kama mgonjwa anakula. Alitaka tuandike kila kilichoingia kinywani, hata kikiwa vijiko viwili vya supu, kisha akapiga hesabu mbele yetu. Lengo linalotumika sana katika kipindi hiki ni takriban gramu 1.5 za protini na kilokalori 30 hadi 35 kwa kila kilo ya uzito kwa siku, kwa hiyo mtu wa kilo 60 anahitaji karibu gramu 90 za protini. Ukiyaona mahitaji hayo kwa tarakimu, unaelewa kwa nini milo mitatu ya kawaida haimtoshi mtu anayeshiba kwa matonge machache. Tulimpa kidogo kidogo mara nyingi, chakula kikiwa vuguvugu au baridi ili kisinuke sana, vinywaji vikija baina ya milo badala ya kujaza tumbo wakati wa kula, na supu pamoja na viazi vya kuponda vikiongezwa maziwa ya unga, mafuta au yai lililoiva kabisa. Kijiko cha plastiki kilipunguza ile ladha ya chuma.

Sasa orodha. Zamani vituo vingi vilimkataza mgonjwa matunda na mboga mbichi zote, lakini tafiti zilizolinganisha mlo huo mkali na mlo wa kawaida ulioandaliwa kwa usafi hazikuonyesha kwamba ule mkali hupunguza maambukizi. Ndiyo maana washauri wengi leo hukazia usalama wa chakula: nyama, samaki na mayai viive kabisa, kuku afikie nyuzi 74 za Selsiasi, maziwa yasiyochemshwa na mbegu zilizochipuliwa viachwe, chakula kisikae nje zaidi ya saa mbili, na jokofu libaki nyuzi 4 au chini yake. Kituo chenu kikiwa na masharti zaidi, yafuateni, lakini maneno ya wageni yasigeuke kuwa masharti.

Katazo moja ambalo halina mjadala ni balungi pamoja na danzi, ikiwa anatumia saiklosporini au takrolimasi za kutuliza kinga. Matunda hayo huzuia kimeng'enya kinachovunjavunja dawa hizo, na kiwango chake katika damu kinaweza kupanda hadi kuumiza figo. Kwa sababu kama hiyo nilikataa mitishamba yote, hata iliyoletwa kwa upendo mkubwa. Vidonge vya madini ya chuma pia visitolewe bila daktari, kwani aliyeongezewa damu mara nyingi huenda tayari ana chuma kilichozidi mwilini.

Ushauri wa lishe hautolewi mara moja ukaisha. Akianzishiwa steroidi, dawa za kutuliza uvimbe na kinga, sukari ya damu inaweza kupanda, misuli ikasinyaa na mifupa ikadhoofika, hivyo protini, kalsiamu, vitamini D na mazoezi mepesi huzungumzwa upya. Akianza kuharisha majimaji mengi, msijaribu kutibu kwa chakula nyumbani: pigeni simu kituoni siku hiyohiyo, kwa kuwa huenda seli za mfadhili zinaushambulia utumbo, na hapo mlo hujengwa upya hatua kwa hatua, ukianza na vyakula visivyo na nyuzinyuzi nyingi, mafuta mengi wala sukari ya maziwa.

Kliniki ijayo nendeni na uzito wake wa kila wiki, maandishi ya alichokula kwa siku tatu mfululizo, na dawa zote anazomeza. Ombeni kuonana na mtaalamu wa lishe mwenyewe, hata kama daktari ameridhika na vipimo vya damu. Wakipendekeza mpira wa kulishia kupitia puani, msiupokee kama habari ya kukata tamaa. Mke wangu aliwekewa, akaendelea kuonja chakula kwa mdomo huku mpira ukibeba sehemu kubwa ya mahitaji yake, na ukatolewa alipoweza kula vya kutosha mwenyewe.