Kabla ya Kumuanzishia Mbwa Dawa ya Kifafa

Mbwa akianguka, akakakamaa, akatapatapa huku povu likimtoka, watu wengi wa kwetu Pemba hawaulizi apewe dawa gani. Wanauliza atauawa lini. Kichaa cha mbwa kinaogopwa, na kinastahili kuogopwa. Kwa hiyo mwenye mbwa asiyechanjwa, hasa ikiwa tabia yake imebadilika au ameng'ata mtu, asimguse. Amzuie asitoke na amwite daktari wa mifugo haraka. Lakini mbwa aliyechanjwa, ambaye muda mfupi baada ya kuanguka huinuka, hunywa maji, humtambua mwenyewe na kukaa mzima wiki kadhaa hadi mara nyengine, huyo ana jambo jengine, kwa sababu kichaa kikishaonyesha dalili hakimpi mbwa nafuu, bali humuua ndani ya siku chache.

Mbwa wetu Tomi, ambaye hulinda majamvi ya karafuu na kufukuza tumbili shambani, alianza kuanguka akiwa na miaka mitatu hivi. Daktari aliuliza umri kabla ya kuuliza lolote, na baadaye nilifahamu kwa nini: kifafa kisicho na chanzo kinachoonekana huanza zaidi kati ya miezi 6 na miaka 6. Anayeanza nje ya umri huo hutafutiwa kwa bidii zaidi sababu nyengine, kama vile sumu ya kuulia wadudu, maradhi ya ini au sukari kushuka. Hata aliye ndani ya umri huo apimwe damu kwanza, kwani baadhi ya dawa za kifafa hulitegemea ini na ni vyema kujua hali yake kabla ya kulibebesha mzigo.

Si kila mbwa aliyeanguka huanzishiwa dawa. Kwa kawaida hushauriwa kuanza ikiwa ameanguka mara 2 au zaidi ndani ya miezi 6, au ameanguka zaidi ya mara moja ndani ya saa 24, au kifafa kimemshika kwa zaidi ya dakika 5, na hili la mwisho ni dharura isiyosubiri asubuhi. Ndiyo maana daftari ni muhimu kuliko kumbukumbu ya mtu. Andika tarehe, saa, muda na alichokula, tena muda uutazame kwenye saa, maana anayemwangalia mbwa akitapatapa huiona dakika moja kuwa kumi. Ukiweza, mrekodi kwa simu. Daktari atajifunza mengi zaidi kwa video hiyo kuliko kwa maelezo yetu.

Ami yangu, mwenye shamba, alilisikiliza hilo lote kisha akauliza, "Mwanangu, dawa hii ataila mpaka lini?" Nikamjibu kuwa huenda ikawa maisha yake yote. "Na wewe ukivuka kwenda Unguja, nani atampa?" Kwa maoni yangu, hilo ndilo swali lenyewe. Fenobabitali, dawa inayotumika zaidi kwa mbwa, hutolewa kila baada ya saa 12, na huchukua takriban wiki 2 kutulia mwilini. Katika wiki hizo mbwa husinzia, hupepesuka, hunywa maji kupita kiasi, hukojoa ovyo na hula kama hajawahi kushiba. Mengi kati ya hayo hupungua. Lisilopungua ni sharti la kutoikatisha ghafla, kwani mwili uliokwisha kuizoea ukiikosa, kifafa hurudi kwa nguvu na kinaweza kumuua.

Kwa sisi tunaongojea boti katika bandari ya Mkoani, ambako bahari ikichafuka wakati wa kusi mizigo huchelewa, sharti hilo si dogo. Dawa hii hudhibitiwa na huuzwa kwa cheti cha daktari, kwa hiyo zungumza na daktari mapema juu ya kuweka akiba ya kutosha mwezi mzima. Asiyeweza kuipata kwa uhakika, na mbwa wake huanguka mara chache na kwa muda mfupi, naona ni salama zaidi asubiri huku akiandika daftari. Anayeanguka mfululizo hasubiriwi.

Jirani mwema atakuletea kabamazepini, dawa ya kifafa ya watu, iliyobaki nyumbani kwake. Mshukuru, usiitumie: mwili wa mbwa huivunja haraka mno, na finitoini, nayo dawa ya kifafa ya watu, vivyo hivyo. Kinyume chake, muuza dawa anaweza kushangaa akiona cheti cha fenobabitali, kwa kuwa mbwa huhitaji kiasi kikubwa kuliko mtu kwa uzito ule ule. Fuata cheti. Ikiwa mbwa amepewa bromidi ya potasiamu, dawa nyengine ya kifafa, chakula chake kisibadilike-badilike kwa chumvi. Usimpe leo dagaa wa chumvi, kesho wali mtupu, maana chumvi ikizidi bromidi hutolewa mwilini haraka na kinga yake dhidi ya kifafa hupungua.

Kuhusu najisi ya mate ya mbwa, ambayo wengi huiuliza kwa sauti ya chini, hakuna haja ya kumtia mbwa mkono kinywani. Tunakifunika kidonge kwa kipande cha samaki, tunakidondosha chomboni mwake na kusimama mpaka amekimeza. Kimoja baada ya swala ya alfajiri, kimoja baada ya magharibi. Kwetu adhana haisahauliki kama saa ya simu.

Tomi bado huanguka, ila kwa nadra kuliko zamani, na hainuki akiwa amepotewa kama mwanzo. Wapo waliosema kuwa dawa imeshindwa. Daktari alilifungua daftari, akahesabu, akasema kuwa kifafa kikipungua kwa nusu au zaidi dawa inafanya kazi, kisha akapima damu na kukiacha kiwango kama kilivyo.