Alizeti, vumbi na beringi: kipi ukisubiri kife, kipi ukiwahi

Wenye viwanda vidogo vya kukamua alizeti Dodoma na Singida huuliza kama wasubiri mashine iharibike, wafuate ratiba, au wapime hali yake. Mashine nzima ni kubwa mno kwa swali hilo. Beringi, mkanda, mota na skrubu ya kukamulia kila kimoja kina namna yake ya kufa, kwa hiyo amua kipuri kwa kipuri. Kikifa mwezi wa Juni, magunia yamepangwa hadi nje, kitasimamisha nini? Na je, hutoa ishara kabla?

Taa, fuse na swichi ndogo ziache zife, mradi spea iko kabatini.

Ratiba inafaa kwa vitu vinavyolika kwa saa za kazi, kama nyundo za kinu cha kusaga. Kona ya mbele ikiviringika, zigeuze. Pande zote zikiisha, badilisha seti nzima, na mistari inayotazamana iwe na uzito sawa. Ukibadilisha nyundo mbili tu, kinu kitatikisika na beringi ndizo zitakazolipa. Mikanda ya puli moja nayo hubadilishwa yote pamoja, maana mpya utabeba mzigo wa wenzake waliolegea. Lakini usihesabu kwa kalenda. Kinu kinachokesha msimu mzima kisha kikalala miezi hakijui Januari wala Februari: funga mita inayohesabu saa za kazi.

Beringi ndizo za kupimwa. Chukua kipimajoto cha mwanga (infrared), kisichohitaji kugusa, pima sehemu ileile kila wiki, mzigo uleule, uandike. Iliyozoea nyuzi 50 ikifika 70 inakuambia kitu, hata kama bado haina kelele. Kanuni ya kupanga ukaguzi ni hii: ikiwa tangu ishara ya kwanza hadi kuvunjika hupita wiki sita, kagua angalau kila wiki tatu.

Tatizo kubwa kwetu ni vumbi la kiangazi na grisi ya kukisia. Zidisha kipenyo cha nje cha beringi kwa upana wake, vyote kwa milimita, kisha kwa 0.005, jibu ni gramu za grisi ya kuongeza kwa mara moja. Namba 6308 ina milimita 90 kwa 23, yaani takriban gramu 10. Pima kwenye mizani bomba lako la grisi linatoa gramu ngapi kwa mkandamizo mmoja. Grisi ikizidi, beringi huchemka. Futa chuchu ya grisi kwenye beringi kabla ya kupachika bomba, la sivyo unasukuma mchanga ndani kwa mkono wako mwenyewe.

Mota ya fazi tatu ni habari nyingine. Fazi moja ikikatika, inaweza kuendelea kuzunguka kwa mbili zilizobaki huku ikivuta umeme mwingi hadi waya ziungue, na hakuna ratiba ya matengenezo itakayoiwahi. Dawa yake ni kinga: ovalodi, yaani kikata umeme mota ikizidiwa, iliyowekwa kwa ampia zilizoandikwa kwenye kibao cha mota, pamoja na rilei ya kukata fazi inapopotea. Baada ya masika, kabla ya kuiwasha mota iliyolala, pima kwa megga ya volti 500, kifaa kinachoonyesha kama waya za mota bado zimezibwa vizuri umeme usivuje. Chini ya megaohmu 1 usiiwashe, ikaushwe kwanza.

Skrubu ya kukamulia haivunjiki ghafla mara nyingi. Inakuibia polepole. Mashudu yakibaki na mafuta asilimia 12 badala ya 8, kila tani ya mashudu imeondoka na kilo 40 za mafuta za ziada. Andika lita kwa kila gunia, kwa mbegu za aina moja. Hasara ya wiki chache ikizidi gharama ya kujazia kwa kulehemu, ifungue, hata msimu ukiwa katikati.

Mwisho kabati la spea. Beringi inayobeba msukumo wa skrubu, kama haipatikani madukani Dodoma, iwe moja ndani siku zote. Nakili namba yote pamoja na herufi za mwisho: C3 ina nafasi kubwa zaidi ndani, na 2RS imezibwa pande zote mbili, haihitaji kuongezwa grisi.