Kijani cha jani lipi?

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Tabora. Sisi wazima, ila baba yako mgongo unamsumbua na hakubali kukaa. Ujumbe wako nimeusoma mara tatu. Unasema ulikwenda Nizwa, huko huko Omani, na wenzako wa kazini, ukapiga picha zaidi ya mia mbili, na zote zimelala kwenye simu kwa sababu hutaki watu waseme unaringa. Kisha ukaniuliza: "Mama, wewe ulipokuwa ukimtolea kila mgeni ile albamu, hata chai haijaletwa, hukuwa ukiringa?"

Nilikuwa naringa, nisikufiche. Mwaka 1989, mwanamke wa mtaa huu ana kamera yake mwenyewe na amepanda Liemba, ile meli ya Ziwa Tanganyika, ungemwambia nini anyamaze? Lakini hayo yalikuwa ya wageni. Albamu yenyewe niliianza kwa ajili ya bibi yako mzaa baba, na yeye alikuwa haoni.

Wewe hukumkuta. Mtoto wa jicho alimwingia kabla sijaolewa, na hospitali aliikataa katakata. Biashara yangu ya vitenge haikumpendeza: mke gani huyo anapanda treni peke yake mpaka Kigoma, kisha analala ziwani? Nikirudi ananiketisha mkekani. Umefika wapi, umeona nini. Siku ya kwanza niliyokuja na picha nilidhani nitamaliza upesi. Nikashika moja nikasema, hapa mitumbwi inaifuata meli, na nyuma kuna mlima wa kijani.

"Kijani cha jani lipi?" akauliza. "La mgomba au la mwarobaini?"

Nikaitazama upya ile picha. Nimeipiga kwa mkono wangu, na jibu sina.

Toka siku hiyo sikupumua. Nikisema kahawia, anataka kujua kama kahawa imetiwa maziwa. Nikisema zambarau, zimeiva au bado zina wekundu? Shati la baharia mmoja nililiita jekundu tu, akanibana mpaka tukafika kwenye damu ya mzee. Manjano alikuwa ameyatwanga mwenyewe, majivu ameyazoa miaka yote, machungwa amemenya. Nikipatia kitu chenyewe, rangi tayari alikuwa nayo.

Aliyoipenda kuliko zote ni ile ya ukurasa wa tatu, iliyopinda pembe. Vijiji vingi vya ziwani havikuwa na gati, kwa hiyo Liemba ilikuwa ikisimama majini, mitumbwi ikiizunguka, na watu wakiingia kwa mlango wa ubavuni huku wakigombana. Kwenye mtumbwi mmoja mwanamke ameinua chupa kubwa ya mawese kumpa mtu aliye mlangoni, na jua la asubuhi limepita ndani ya chupa. Mimi nikaanza na historia, nimeisikia melini: Wajerumani waliiunda meli hii mwaka 1913, ikasafirishwa vipande vipande, wakaizamisha wenyewe mwaka 1916 ili adui asiipate, Waingereza wakaja kuiopoa mwaka 1924.

"Hayo kamwambie mume wako. Mawese yakoje?"

Nikasema chungwa. Akasema chungwa halina moto. Nikasema asali. Akacheka: asali ya huku kwetu, nyeusi hivyo? Mwisho nikamwambia, ni kaa la moto pale unapolipuliza, kabla halijarudi kufifia. Akanyamaza. Akaomba picha, akaishika muda mrefu.

Filamu moja ilikuwa na picha 36, na kuzisafisha kulikula faida ya kitenge kizima. Basi nikajizoeza: kabla ya kubonyeza naitaja rangi kimoyomoyo, nikikosa neno napita. Saa sita mchana sikupiga kabisa, jua la utosini linafubaza kila kitu. Safari moja kifuniko cha nyuma cha kamera kilifunguka, filamu yote ikaungua. Niliona haya kurudi mikono mitupu, nikashika picha za safari iliyotangulia na kusimulia za safari mpya. Akanisikiliza mpaka mwisho, ndipo akasema, "Karatasi hizi zina harufu ya kabati."

Sasa hao unaoogopa watasema unaringa, watasema hata usipotuma. Mimi usinitumie mia mbili, macho yangu nayo yanazeeka. Nitumie tano, kila moja uiandikie mstari wako. Na simu yako isiguse rangi. Zile ulizonitumia za Muscat wakati wa Idi bahari imekolezwa mpaka inafanana na sabuni ya unga, nikakaa kimya kwa sababu ilikuwa sikukuu.

Anza na ule mnara wa ngome ya Nizwa. Baba yako ameshanihubiria jioni nzima habari za Imamu Sultan bin Seif aliyeujenga, na Wareno aliowafukuza Muscat mwaka 1650; hizo nimeshiba. Nataka ukuta. Ule udongo jioni unakuwaje: ni unga wa mtama, au ile halua uliyotuletea mwaka jana? Kahawia usiniambie.

Mama yako