Bahari Iliyogeuka Kitabu

Mhariri, wiki hii mmetuuliza: "Ni mtu gani wa kale ambaye kazi yake unaitumia kila siku, ingawa jina lake halitajwi?" Swali lenu limenirudisha darasani, kidato cha pili, miaka mingi nyuma. Niliwaambia wanafunzi wafungue kamusi. Binti mmoja wa dawati la mbele akanyoosha mkono: "Mwalimu, na hili neno kamusi lenyewe maana yake nini?" Nikamjibu upesi kuwa ni kitabu cha maneno. Akasema hilo analijua, anachotaka ni neno lilikotoka. Sikuwa na jibu.

Jioni nilibisha hodi kwa maalim mmoja wa mtaani kwetu, mzee ambaye chumba chake cha mbele kilijaa vitabu vya Kiarabu hadi darini. Alinisikiliza, akavuta buku moja zito lililofubaa mgongoni, akaliweka mkekani. "Baba wa jina hilo huyu hapa, mwanangu."

Kilikuwa Al-Qamus al-Muhit, kitabu cha maneno ya Kiarabu cha Majd al-Din al-Firuzabadi. Qamus ni kilindi cha bahari, na muhit ni chenye kuzunguka pande zote. Mwenyewe alikiita kitabu chake bahari kuu. Kikapendwa, kikanakiliwa huku na huku, mwisho watu wakawa wanakiita kila kitabu cha aina hiyo qamus. Neno lilipotufikia sisi bahari ilikwisha kukauka, kimebaki kitabu.

Jibu langu basi ni Firuzabadi. Alizaliwa mwaka 1329 huko Karzin, upande wa Shiraz, Uajemi. Alisoma Shiraz na Baghdad, akaenda Damascus, akafundisha Jerusalem yapata miaka kumi, akapita Cairo, akakaa Makka, akafika hadi Delhi. Inasimuliwa kwamba hakusafiri bila mizigo ya vitabu, na kila msafara ulipotua alivifungua akasoma, kisha akavifunga tena safari iendelee.

Lakini kinachonifanya nimpende ni kazi aliyoiacha njiani. Alikuwa ameanza kamusi kubwa mno, ya kuunganisha kazi za mabingwa wawili waliomtangulia: Ibn Sida, yule kipofu wa Andalusia, na al-Saghani. Alikadiria ingefika mijalada 60. Akaona wanafunzi hawataiweza. Akaiweka kando, akaanza kubana: kila mijalada 30 iingie katika mmoja, ibaki miwili, ndiyo hiyo Al-Qamus.

Maalim alinionyesha alivyobana. Neno ambalo kila mtu analijua, Firuzabadi hakulipotezea wino. Aliandika herufi m peke yake, kwa maana ya maaruf, ndilo hili "maarufu" letu. Wingi wa neno akautilia j, kwa jam', shina moja na "jamii". Mji ukapewa d, ya balad. Kwa ubanaji wa namna hiyo, maneno yanayokadiriwa 60,000 yaliingia.

"Haya, nitafutie safari," maalim akaniambia. Mimi moja kwa moja kwenye S. Akanishika mkono. Mle mnaingilia nyuma: shina ni s-f-r, kwa hiyo kwanza mlango wa R, ndani yake ndipo fungu la S. Mpango huo Firuzabadi aliukuta kwa al-Jawhari, mtunzi wa kamusi aliyemtangulia kwa karibu miaka 400. Anayetunga mashairi ataona faida yake mara moja, maana maneno ya kina kimoja yanakaa pamoja.

Huyo al-Jawhari ndiye ambaye Firuzabadi alimwonea, kwa maoni yangu. Maneno ambayo al-Jawhari hakuyaweka, Firuzabadi aliyaandika kwa wino mwekundu, na makosa yake akayataja tena na tena. Wanazuoni wa baadaye walimtetea al-Jawhari, wakaonyesha kuwa mengine hayakuwa makosa. Tena ule ubanaji ulifyeka beti za mashairi ya kale zilizokuwa ushahidi wa maana. Katika karne ya 18, Murtada al-Zabidi alikaa Cairo akaandika ufafanuzi mrefu wa kitabu hicho, na mengi yaliyokatwa akayarudisha. Hata hivyo, mimi niko upande wa aliyekata. Nimefundisha darasa la wanafunzi 40 wenye kamusi moja. Najua kitabu kisichofika mkononi mwa mwanafunzi kinamwacha alipo.

Uzeeni Firuzabadi alikwenda Yemen. Sultani al-Ashraf Ismail alimfanya kadhi mkuu, akamwoa binti yake. Moyo wake ulikuwa Makka. Hata sahihi yake alijiandika "mwenye kukimbilia Haramu ya Mwenyezi Mungu", yaani eneo takatifu la Makka. Alipoomba ruhusa ya kurudi huko, sultani alimjibu kwamba ni heri aikose dunia na neema zake kuliko kumkosa yeye. Mwaka 1415 akafia Zabid, mji wa huko Yemen, angali kadhi, akazikwa huko huko.

Usiku ule, kabla sijaaga, maalim alifunua mwisho wa kitabu akanisomea maneno ya kufungia. Firuzabadi anasema amekimaliza nyumbani kwake, juu ya kilima cha Safa, Makka, akiielekea Kaaba.