Pikapu ya dizeli iliyolala miaka: anza na tanki, stata baadaye

Ndugu yangu, umeuliza kama pikapu aliyokuachia mjomba wako, iliyolala miaka sita, unaweza kuifungia betri mpya, ukaongeza dizeli safi juu ya ile iliyobaki kwenye tanki, kisha ukapiga stata. Nakusihi usifanye hivyo. Mimi nilifanya, injini ikawaka dakika chache, halafu pampu ya dizeli ikafa. Pikapu ya pili niliyoifufua ilikuwa imelala miaka saba. Hiyo nilianza na tanki, na hadi leo inabeba mzigo.

Watu huogopea injini, lakini kinachoua ni mafuta yaliyokaa. Tanki lenye nafasi ndani linapumua. Hewa yenye unyevu inaingia, usiku ikipoa inaacha matone, na maji kwa uzito wake yanatulia chini ya dizeli. Pale mpakani mwa maji na dizeli vijidudu vinazaliana, vinaacha tope jeusi linaloteleza kama ute. Bomba la kuvutia mafuta linafika karibu na sakafu ya tanki, kwa hiyo dizeli safi uliyomimina juu haikusaidii kitu: kinachovutwa kwanza ni maji na tope. Na pampu nyingi za pikapu za zamani zinalainishwa na dizeli hiyohiyo inayopita ndani yake, hazina oili nyingine. Zikinywa maji, chuma kinasugua chuma. Yangu ilikufa hivyo.

Basi fungua nati ya chini ya tanki, kinga beseni, uone mwenyewe. Kwangu yalitangulia maji ya rangi ya kutu, likafuata tope, mwishoni dizeli yenye harufu ya vanishi. Nilishusha tanki zima, nikalisuuza kwa dizeli safi mara tatu mpaka ikatoka ilivyoingia. Filta weka mpya. Usisahau na mipira ya mafuta, ile inayokwenda na ile inayorudi. Mpira uliozeeka unaweza usidondoshe hata tone, ila unavuta hewa, nawe utashinda siku nzima ukitafuta kwa nini gari linawaka na kuzima. Mimi nilipoteza siku mbili kwa kipande cha mpira kisichozidi urefu wa kiganja.

Tanki likikauka, zungusha injini kwa mkono. Toa hita plagi zote (vile vipasha joto vinavyoingia kwenye silinda), dondoshea oili kidogo kwenye kila tundu, iache ilale siku moja au mbili. Kisha shika nati ya puli ya krenki (gurudumu la mikanda mbele ya injini) kwa spana ndefu, uzungushe taratibu mizunguko miwili kamili, kuelekea upande ambao injini huzunguka ikiwaka. Miwili kwa sababu ndipo kila valvu inakuwa imefunguka na kufunga. Ikigoma, ongeza oili na siku nyingine. Usiilazimishe kwa stata, wala usilivute gari likiwa kwenye gia. Kama kuna valvu iliyoganda au maji juu ya pistoni, mkono wako utahisi na kusimama, stata haitahisi.

Mwaga oili ya zamani, weka mpya na filta yake. Fungua boksi la filta ya hewa, maana panya hupenda kujenga humo.

Sasa betri iliyojaa, ikisoma kama volti 12.6 ikiwa imetulia. Hita plagi zikiwa bado nje, chomoa waya wa ile valvu ndogo ya umeme inayokata mafuta kwenye pampu, piga stata vipindi vifupi mpaka taa ya oili izime. Kila ukipiga sekunde 10, pumzisha dakika nzima. Hapo oili imefika kwenye beringi kabla injini haijabeba moto. Kwangu hatua hii haina mjadala.

Rudisha hita plagi na waya, tia dizeli safi kwenye tanki, kisha toa hewa iliyobaki kwenye njia ya mafuta. Pampu ya mkono ipo juu ya filta: legeza skrubu ya kutolea hewa, bonyeza mpaka mapovu yaishe, kaza. Halafu legeza nati za mabomba kwenye nozeli (zinazopuliza dizeli ndani ya injini), piga stata, dizeli ikianza kutoka kaza moja baada ya nyingine. Hii ni kwa pampu za zamani tu. Kama injini yako ni ya kompyuta, usiguse mabomba hayo, presha yake inapita bar 1,000. Hata kwenye zile za zamani, weka mkono na uso mbali. Dizeli ya presha inapenya ngozi, na ikikuingia nenda hospitali saa hiyohiyo hata kama hakuna maumivu.

Fundi akitaka kupuliza spirei ya kuwashia kwenye njia ya hewa, mkatalie. Injini yenye hita plagi za moto inaweza kulipuka hapohapo. Badala yake weka kipande cha ubao bapa mkononi mwa mtu anayesimama kwenye mdomo wa hewa. Pampu iliyokaa muda mrefu inaweza kuganda ikiwa wazi, injini ikakimbia yenyewe hata ukizima swichi, na ubao ukiziba hewa ndio utakaoisimamisha.

Ikiwaka itatoa moshi mweupe na kutikisika, nayo itatulia kadiri inavyopata moto. Angalia chini ya pampu, sili zilizokauka huanza kuvuja zikikutana na dizeli mpya.

Usiitoe barabarani siku hiyo. Fungua magurudumu yote manne ukague silinda za breki, badilisha mafuta ya breki yote, na usome tarehe ya matairi ubavuni: tarakimu 4, wiki kisha mwaka. Tairi linaweza kuwa na meno mazima huku mpira umeshakufa.

Kabla hujashika spana, niambie jambo moja: injini yako ni ya mkanda wa taimingi (unaoendesha valvu zifuate mwendo wa pistoni) au ya gia? Kama ni ya mkanda, mkanda huo ubadilishwe kabla ya kupiga stata hata mara moja. Ukikatika, kwenye injini nyingi za dizeli valvu zinagonga pistoni.